Umeme wa Jua Nyumbani: Tumchague Vipi Muuzaji?

 

Katika siku za mwisho za mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya darsa ya alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu akiwa na bahasha mkononi. Ni mjane mwenye watoto wanne, na riziki yake yote imo ndani ya friza moja: hugandisha barafu za ukwaju na ubuyu akawauzia watoto wa shule, na Ramadhani inapoingia huuza maji baridi na juisi za kufuturia. Stima ikikatika kwa saa nyingi, mali yake huyeyuka mbele ya macho yake.

"Maalim," alisema, "nimenunua sola ili niepukane na tokeni na giza. Niliambiwa itabeba friza, mafeni, taa na televisheni. Ikifika saa tatu za usiku inalia, kisha inazima. Na kila siku natoa shilingi 150. Nisipotoa, wanaifunga wenyewe kutoka huko waliko. Nisomee hii karatasi, unambie nimekosea wapi."

Tulipoifungua bahasha tukaona jina la muuzaji, kifua kilituwia kizito. Muuzaji huyo tulimjua. Mama mwenyewe hakutaka kulisema, kwa heshima zake, lakini sisi tulilikumbuka: miezi michache nyuma alituuliza kama mtu yule ni wa kuaminika, nasi tukamjibu kwamba ni mtu wa swala na hakosi safu ya mbele. Hatukuwa tumewahi kununua kwake hata waya.

Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliletewa mtu aje kumshuhudia mwenziwe kwa wema. Sayyidna Umar akamuuliza mambo matatu: je, ni jirani yake anayejua kuingia na kutoka kwake? Je, amewahi kusafiri naye? Je, amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Kila swali lilipojibiwa kwa la, Sayyidna Umar akamwambia kwamba huenda alichokiona ni mtu akiinama na kuinuka msikitini tu, na kwa hivyo hamjui. Kisa hiki tumekisomesha mara nyingi. Siku ile kilirudi kutusomesha sisi.

Kwa sababu hiyo, makala ya wiki hii tumeyaandika kwa kulipa deni. Tumekaa na mafundi, tumesoma mikataba, na tumefanya hesabu kwa kalamu. Tunawaletea tuliyoyapata, ili yule atakayepandisha sola juu ya paa lake apandishe akijua.

STIMA TULIYO NAYO YATOKA WAPI?

Kuna nchi, kama Uingereza, ambako mwenye nyumba huchagua kampuni ya kumuuzia umeme, na akitaka umeme usiochafua hewa humwacha huyu akaenda kwa yule. Kwetu Kenya mambo hayajafika hapo. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 imefungua mlango wa ushindani, lakini nguzo na nyaya zinazoingia majumbani mwetu, karibu zote ni za Kenya Power, na mwenye nyumba wa Kisauni au Malindi hana kampuni ya pili ya kuhamia.

Lakini jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba stima hiyo hiyo, kwa sehemu kubwa, ni safi. Zaidi ya sehemu nane katika kumi za umeme wa nchi hii hutokana na mvuke wa ardhini huko Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana ambako pana mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na jua la Garissa na la Malindi. Mafuta mazito bado yanachomwa, na watu wa Mombasa wanaijua mitambo ya Kipevu. Lakini si hayo yanayobeba nchi. Na mwaka 2019, mahakama ya mazingira ilipoifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, watu wa pwani walikuwa wamekwisha kusema kwa sauti ni umeme wa aina gani wasioutaka.

Kwa hivyo, anayetaka sola kwa sababu tu ya kuilinda hewa, na ajue kwamba stima yake ya sasa si adui. Sababu zenye nguvu zaidi za kuweka sola nyumbani ni tatu: kukatika kwa stima, gharama ya tokeni, na nyumba ambazo nguzo hazijazifikia. Kila mtu na aitambue sababu yake kabla ya kuingia dukani, kwa maana muuzaji hodari humuuzia mteja sababu ambayo si yake.

HESABU KWANZA, DUKA BAADAYE

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote, chukueni karatasi mwandike kila kifaa cha nyumbani, nguvu yake kwa wati, na saa zinazotumika kwa siku. Wati huandikwa nyuma ya kifaa au chini yake. Zidisheni wati kwa saa, kisha jumlisheni. Kila wati 1,000 zikitumika kwa saa moja ndiyo uniti moja, ile ile tunayoinunua kwa tokeni.

Tulifanya hivyo pamoja na yule mama, na bintiye wa kidato cha pili ndiye aliyeshika kalamu. Taa sita za wati 9, saa tano kwa siku: 270. Mafeni mawili ya wati 60, saa nane: 960. Televisheni ya wati 60, saa nne: 240. Simu: tuseme 30. Friza, kwa joto letu la pwani, tuliikadiria 1,200 kwa siku. Jumla ni 2,700, yaani uniti mbili na sehemu saba.

Sasa tutazame upande wa jua. Pwani yetu hupata jua kali la kama saa tano kamili kwa siku, tukikusanya pamoja la asubuhi, la adhuhuri na la alasiri. Na kila paneli hupoteza sehemu ya nguvu yake kwa joto, vumbi, nyaya na inveta. Fundi mwaminifu huondoa kama robo. Basi paneli ya wati 400, kwa saa tano, ikitolewa robo, hutoa 1,500, yaani uniti moja na nusu. Nyumba ya mama huyu ilihitaji paneli mbili za namna hiyo kwa uchache, na ya tatu kwa ajili ya mawingu ya miezi ya masika.

Alichouziwa ni paneli moja ya wati 200. Hiyo hutoa 750 kwa siku, robo tatu ya uniti. Bintiye aliitazama karatasi kwa muda, kisha akasema polepole, "Mama, hata friza peke yake haitoshi."

Betri nayo ina hesabu yake. Betri ya volti 12 na ampia 200 huhifadhi 2,400. Lakini betri ya asidi, ile nzito ya risasi, haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake. Anayeikamua hadi mwisho kila usiku huiua kabla ya wakati. Betri ya lithiamu huweza kutumiwa kwa asilimia 80 au 90 bila ya kudhurika, na huishi miaka mingi zaidi, ingawa bei yake ya mwanzo ni kubwa. Joto hufupisha maisha ya betri zote mbili, na la asidi huumia zaidi. Kwa hivyo isiwekwe darini chini ya mabati wala jikoni, bali mahali penye kivuli na hewa.

Kisha kuna siri ya friza na mota ya maji. Vifaa hivi vinapoanza kuzunguka huvuta nguvu mara kadhaa kuliko ile iliyoandikwa nyuma yake, kwa muda wa kupepesa jicho. Inveta ndogo ikishindwa na mvuto huo hulia na kuzima. Ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia mama saa tatu za usiku, betri ikiwa tayari imechoka.

Na vifaa vya kutoa moto viacheni nje ya hesabu hii kabisa. Pasi, birika la umeme na hita ya maji hula wati 1,000 hadi 2,000 au zaidi. Muuzaji akikuambia kwamba sola ya nyumba ndogo itabeba pasi na birika, muage kwa salamu njema.

MUULIZENI MUUZAJI MASWALI HAYA

Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakutana na unyevu uliofichwa chini. Akamkemea mwenye bidhaa kwa kutouweka unyevu ule juu, watu wakauona. Basi nasi tunaponunua tutie mkono ndani ya rundo, na muuzaji mwema hatachukia.

La kwanza: leseni iko wapi? Mamlaka ya nishati, EPRA, huwapa leseni wauzaji na mafundi wa sola. Mafundi wana madaraja ya T1, T2 na T3; la kwanza ni la mifumo midogo, na la tatu ni la mifumo mikubwa na iliyounganishwa na stima. Mwombeni akuonyesheni leseni yake, mtazame jina, daraja na tarehe ya kwisha. Fundi wa kuunganisha taa za harusi si lazima awe fundi wa sola.

La pili: bidhaa ina alama? Tafuteni alama ya KEBS. Paneli nzuri huandikwa nyuma yake IEC 61215 na IEC 61730. Wanaokaa karibu na bahari watafute pia IEC 61701, ambayo ni jaribio la kustahimili chumvi.

La tatu: waranti ni ya nani na ya miaka mingapi? Paneli nyingi huja na ahadi ya miaka 25 ya kutoa nguvu, lakini inveta na betri ahadi zake ni fupi zaidi. Ulizeni: kikiharibika, ni nani atakayekuja, kwa siku ngapi, na kwa nauli ya nani? Waranti ya kiwanda kilicho ng'ambo, bila ya mtu wa kuisimamia hapa, ni karatasi ya kufungia bajia.

La nne: hesabu yangu mmeifanya? Muuzaji anayetaja bei kabla ya kuuliza mna vifaa gani, anauza alichonacho dukani. Mpeni karatasi yenu, mtake aandike kwa mkono wake: mfumo huu utatoa uniti ngapi kwa siku, na utabeba vifaa gani kwa saa ngapi. Mama yetu aliahidiwa kwa mdomo. Karatasi yake ilitaja paneli, betri na deni. Friza haikutajwa hata mara moja.

La tano: paa langu linafaa? Paneli hazifungwi juu ya makuti. Uzito ni mmoja, na hatari ya moto ni ya pili. Mabati yaliyooza kwa chumvi hayatazishika upepo wa kusi utakapovuma. Misumari na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Na kwa upande wa kuelekea, Mwenyezi Mungu ametufanyia wepesi: sisi tulio chini kidogo ya ikweta, paneli hulazwa kwa mwinamo mdogo ili mvua izioshe, zikatazama kaskazini. Na Makka, kwa mtu wa Mombasa, iko kaskazini karibu sawasawa. Fundi akipotewa na upande, mwambieni azielekeze kibla. Zioshwe kwa maji matamu mara kwa mara, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kwa maana chumvi na vumbi hula nguvu kimyakimya.

MKATABA WA KULIPA POLEPOLE

Hapa ndipo kina mama wengi wanapotuuliza, na hapa ndipo bahasha ya mama yetu ilipokuwa na miiba.

Kuuza kwa bei mbili, ya taslimu na ya mkopo, si haramu kwa asili yake. Wanachuoni wa madhehebu manne, pamoja na madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wameruhusu bei ya kulipa kwa muda izidi bei ya taslimu, kwa masharti. Sharti kubwa ni kwamba kabla ya kuagana muwe mmechagua bei moja, ikajulikana jumla yake na muda wake. Mkiachana bila ya kujua ni ipi kati ya bei mbili mliyokubaliana, hayo ndiyo mauzo mawili ndani ya uuzaji mmoja ambayo Mtume aliyakataza.

Tuliijumlisha bei ya mama, kwa kuwa karatasi haikuijumlisha. Malipo ya kwanza ni shilingi 10,000. Kisha shilingi 150 kila siku kwa siku 730, ambazo ni shilingi 109,500. Jumla ni shilingi 119,500. Bei taslimu ya vitu vile vile dukani kwa muuzaji ilikuwa shilingi 65,000. Mama alikuwa akijua "mia na hamsini kwa siku". Laki moja na elfu kumi na tisa hakuijua mpaka siku ile. Tena tazameni: robo tatu ya uniti anayoipata kwa siku, tukiikadiria uniti moja kwa shilingi 28, ina thamani ya shilingi 21. Alikuwa akitoa 150 ili apate 21.

Wala tusidhani kwamba sola haina faida. Mfumo wa paneli mbili za wati 400 hutoa uniti tatu kwa siku, ambazo kwa bei hiyo hiyo ni shilingi 84, au kama shilingi 30,660 kwa mwaka. Ukinunuliwa kwa shilingi 150,000, hurudisha fedha yake kwa kama miaka mitano, iwapo uniti zote zinatumika na betri haijafa katikati. Tena kwa mwenye friza ya biashara, kila usiku wa giza anaoepukana nao ni faida juu ya hiyo. Sola ni njema kwa aliyeipima.

Mwiba wa pili ulikuwa kifungu cha kuchelewa. Kilisema kwamba anayechelewa ataongezewa fedha kwa kila siku ya kuchelewa. Ziada anayotozwa mdaiwa kwa sababu ya muda, ikaingia mfukoni mwa mdai, ndiyo riba ya zama za ujahili, hata ikiitwa ada au faini. Qur'ani imetuamrisha kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki, na kumsamehe ni bora zaidi. Kuna mikataba ambayo usipolipa kifaa hujifunga tu, nawe ukilipa siku ya pili hufunguka, na jumla ya deni haisogei. Huo ni mwepesi zaidi, na ndio wa kuutafuta.

Mwiba wa tatu: je, umeuziwa au umekodishiwa? Mikataba mingine husema kwamba kifaa ni mali ya kampuni mpaka malipo ya mwisho. Kama ni kodi, basi kikiibwa au kupigwa na radi bila ya uzembe wa mkodishaji, hasara kwa sheria yetu ni ya mwenye mali. Kama ni uuzaji, hasara ni ya mnunuzi. Mkataba unaomfanya mteja kuwa mkodishaji siku ya kumiliki, na mnunuzi siku ya hasara, umemwonea pande zote mbili. Ulizeni swali hili moja tu: "Kikiibwa kesho, hasara ni ya nani?" na jawabu liandikwe. Aya ya deni, katika Suratul Baqara, ndiyo ndefu kuliko aya zote za Qur'ani, na ndani yake mna amri ya kuandika na kushuhudisha. Msione haya kuomba maandishi.

Na mwenye kupata kitu chenye aibu ana haki ya kukirudisha. Lakini katika madhehebu yetu haki hii ni ya haraka: anayeijua aibu kisha akaendelea kutumia bila ya udhuru, amejipotezea haki yake. Siku inayozima kabla ya wakati, siku hiyo hiyo mpigieni muuzaji simu, na mumwandikie ujumbe ubaki kama ushahidi.

Asiye na fedha taslimu ana njia nyingine kabla ya kuliendea deni lenye shaka. Vyama vya kina mama vya kutoleana kwa zamu havina riba. Benki za Kiislamu zilizofungua milango nchini tangu mwaka 2008 zina mauzo ya murabaha, ambamo benki hununua kifaa kisha ikakuuzia kwa bei inayojulikana. Na njia nyepesi kuliko zote ni kuanza kidogo: taa na mafeni mwaka huu, friza mwaka ujao.

TUSIMDHURU JIRANI

Ziko hatari mbili ambazo hazimwishii mwenye nyumba.

Ya kwanza ni kuunganisha inveta kwenye nyaya za nyumba bila ya swichi ya kutenganisha sola na stima ya nje. Stima ikiwa imekatika, umeme wa nyumba yako huweza kurudi nguzoni, na kule juu yuko kijana wa watu anatengeneza waya akidhani umekufa. Kosa la dakika tano huacha yatima. Swichi hiyo, na waya wa ardhini wa kupokea radi, visiachwe kwa ajili ya kupunguza bei.

Ya pili ni betri iliyokufa. Betri ya asidi imejaa risasi, na risasi ni sumu. Hatuna haja ya kwenda mbali: hapa Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru kiliishi kwa miaka kadhaa jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu yake. Hakunyamaza, mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini hakuna hukumu inayoitoa sumu ndani ya mifupa ya mtoto.

Kwa hivyo, swali la mwisho kwa muuzaji ni hili: betri hii ikifa, mtaichukua? Msiiuze kwa mtu wa vyuma chakavu anayeivunja kwa nyundo uchochoroni, wala msiiweke uani watoto wanapochezea. Hatuwezi kuuita umeme wetu safi ikiwa taka zake zinamwagwa kwenye mtaa wa maskini mwenzetu.

BAHASHA ILIPOFUNGWA

Tuliifuata bahasha ile hadi dukani, sisi, wazee wawili wa msikiti na fundi mwenye leseni ya T3. Hatukwenda kwa ugomvi. Tulimwekea muuzaji karatasi ya binti mezani, tukamwomba aisome kwa sauti. Alisoma, akanyamaza, kisha akasema kwamba yeye hupokea bei na maneno kutoka kwa waliomletea, wala hakuwahi kufanya hesabu hii kwa mteja yeyote. Tulimwamini, ingawa haikumtoa katika lawama. Hata sisi hatukuwahi kuifanya.

Hakukubali kurudisha fedha zote, na mama alikuwa amekitumia kifaa kwa wiki nyingi baada ya kuijua aibu. Sulhu iliyopatikana ni hii: kifungu cha kuchelewa kilifutwa kwa wino na kutiwa sahihi, deni likarudishwa kwenye bei ya taslimu, na mfumo ukaongezwa paneli, betri na inveta kubwa zaidi kwa gharama ya ununuzi bila ya faida. Nyongeza hiyo ililipwa na chama cha kina mama wenziwe kwa zamu iliyosogezwa mbele, na sehemu yake tukailipa sisi. Hatulitaji hili kwa kutafuta sifa. Ulimi wetu ndio uliompeleka dukani, na ulimi nao huandika madeni.

Ramadhani ilipoingia friza iligandisha hadi daku. Stima ya Kenya Power ameiacha mahali pake kwa siku za mvua, na tokeni za shilingi chache humtosha. Bintiye sasa ana daftari, na majirani humfuata awafanyie hesabu kabla ya kwenda kununua. Hawalipishi.

Nasi tukiulizwa siku hizi kuhusu muuzaji fulani, hujibu: "Swala yake tumeiona. Biashara yake muulizeni aliyeamiliana naye."

Twamwomba Mwenyezi Mungu, aliyelifanya jua kuwa mwangaza, azijaalie nuru nyumba zetu, atukinge na riba na ghushi, na atusamehe tulipomshuhudia mtu kwa tusilolijua. Wabillahi tawfiq.